Kabla ya kununua miwani, ikague skrini yako

NA MWANDISHI WETU

MTAANI Munyaka, jijini Eldoret, kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji yetu, kibanda chenye kompyuta moja au mbili ni ofisi ya umma. Hapo ndipo barua za kuomba kazi huchapwa, fomu za ushuru hujazwa na picha za pasipoti hutolewa. Mwenye kibanda hukaa mbele ya skrini kuanzia asubuhi hadi jioni. Macho yake ndiyo jembe lake.

Hebu chukua mfano wa kijana mwenye kibanda kama hicho. Skrini yake kuukuu inakufa. Anajinyima, anaweka akiba, kisha ananunua nyingine mpya, pana na nyembamba. Furaha yake haimalizi siku mbili. Herufi zina ukungu. Wateja kwenye picha wanaonekana wanene kuliko walivyo. Ifikapo saa tisa alasiri, kichwa kinamgonga na macho yanamwasha.

Anameza dawa za kutuliza maumivu. Wiki ya pili ananunua miwani kwa mchuuzi kando ya barabara. Maumivu hayapungui, na sasa hofu inamwingia: Je, ninapofuka? Nikipofuka, watoto watakula nini?

Huenda kijana huyu haugui macho hata kidogo. Mgonjwa ni skrini, na mara nyingi tiba yake haigharimu hata senti moja.

Vitone visivyolingana

Skrini nyembamba za siku hizi zimeundwa kwa vitone vidogo mno vilivyopangwa kwa safu. Idadi ya vitone hivyo huamuliwa kiwandani na haibadiliki. Skrini nyingi zina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili.

Kompyuta nayo hutuma picha yenye idadi yake ya vitone. Idadi hizo mbili zikilingana, kila kitone hupata mahali pake na herufi huonekana wazi. Lakini kompyuta ikituma picha ya vitone 1024 kwa 768, skrini hulazimika kuivuta ili ijaze nafasi yote, mithili ya mtu mzima aliyevaa shati la mtoto. Kingo za herufi hufifia. Na kwa kuwa picha hiyo ni nyembamba kuliko skrini, nyuso za watu hunenepa.

Skrini za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa na vitone vya kudumu namna hii, na ziliweza kuonyesha picha za vipimo mbalimbali bila tofauti kubwa. Ndiyo sababu aliyezizoea hashuku kwamba skrini mpya inaweza kuwa na kasoro ya vipimo. Hushuku macho yake.

Kwa nini kichwa huuma?

Ndani ya jicho mna msuli mdogo unaobadilisha umbo la lenzi ili tuone vitu vya karibu. Maandishi yenye ukungu humfanya mtu afinye macho, akunje uso na kuinamia skrini. Shingo na mabega hukaza, na baada ya saa kadhaa kichwa huanza kuuma.

Isitoshe, mtu anayekazia macho skrini husahau kuyapepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya skrini idadi hiyo huweza kupungua hadi nusu au chini yake. Macho hukauka, huwasha na, ajabu ni kwamba, huweza hata kutiririka machozi kwa sababu ya ukavu huo. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na msimu wa kiangazi upepo mkavu huzidisha taabu hiyo.

Lijaribu kwa gazeti hili

Utajuaje kama kasoro ni ya macho au ya skrini? Lishike gazeti hili kando ya skrini, umbali uleule kutoka machoni mwako. Kama huvaa miwani, usiivue. Soma maandishi ya gazeti, kisha usome ya skrini. Funika jicho moja kwa kiganja, halafu jingine.

Ikiwa gazeti linasomeka vizuri kwa kila jicho lakini skrini ina ukungu, anza na skrini. Ikiwa vyote viwili vina ukungu, au jicho moja linaona vibaya kuliko lenzake, tatizo halitaisha kwa kurekebisha kompyuta. Mwone mtaalamu wa macho.

Jinsi ya kurekebisha

Kwenye kompyuta zinazotumia Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini. Chagua "Display settings", kisha utafute "Display resolution". Chagua idadi ya vitone inayolingana na ile iliyoandikwa kwenye katoni au kitabu cha maelezo cha skrini yako. Mara nyingi ndiyo yenye neno "Recommended". Skrini ikigeuka nyeusi, usishtuke. Usibonyeze chochote, baada ya sekunde 15 hivi kompyuta itarudisha hali ya awali.

Je, idadi hiyo haimo kwenye orodha? Chunguza mambo matatu. Kwanza, waya. Waya wa VGA una vijiti 15, na vingine ndivyo huiambia kompyuta ni skrini ya aina gani iliyounganishwa. Kijiti kikipinda au kukatika, kompyuta hubahatisha. Adapta hafifu nayo huweza kuleta kasoro hiyohiyo. Kama mashine zote mbili zina tundu la HDMI, tumia waya huo.

Pili, huenda kompyuta haina draiva, yaani programu inayoendesha sehemu ya picha. Hutokea sana baada ya fundi kuweka Windows upya. Mwambie aiweke. Tatu, kompyuta kuukuu sana huenda haiwezi kutoa picha ya kiwango hicho. Ni heri kuuliza kabla ya kutoa pesa zako dukani.

Kuna mtego mmoja. Ukishaweka idadi sahihi, herufi huwa safi lakini ndogo, na waliopita umri wa miaka 40 hukimbilia kurudisha ukungu wao. Usifanye hivyo. Papo hapo kwenye "Display settings" pana sehemu ya "Scale". Iongeze hadi asilimia 125 au 150. Herufi zitakua na bado zitakuwa wazi.

Usipuuze macho

Hata skrini iliyo sawa huchosha. Iweke kati ya sentimita 50 na 70 kutoka usoni, na ukingo wake wa juu usipite kimo cha macho yako. Usiielekeze dirishani wala mlangoni. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho kwa makusudi.

Miwani ya kando ya barabara huwa na nguvu sawa pande zote mbili, ilhali macho yako huenda yanatofautiana. Aidha, mchuuzi hawezi kugundua ugonjwa wa shinikizo ndani ya jicho, ambao huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu. Wakazi wa Eldoret na viunga vyake wanaweza kupimwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Usisubiri hata siku moja iwapo uwezo wa kuona umepungua ghafla, jicho ni jekundu na lina maumivu makali, au unaona mimweko ya mwanga. Hayo hayaletwi na skrini. Na kichwa kikiendelea kuuma hata siku usizofanya kazi, acha kumeza vidonge kiholela. Nenda ukapimwe, pamoja na shinikizo la damu.

Skrini mpya hununuliwa tena. Macho hayana duka.