Amana Iliyomo Ndani ya Kamera

Miongoni mwa kazi za kujitegemea zilizoenea katika miji yetu ya pwani, ni chache zenye sura nyingi kama upigaji picha. Mpiga picha asiye na mwajiri huenda asubuhi akampiga mzee picha ya viza ya umra, nyuma yake ukuta mweupe na uso wote ukionekana. Adhuhuri huitwa kwenye mahafali ya madrasa, ambako kila mzazi anataka mwanawe atokee peke yake akipokea cheti. Alasiri huwa msikitini kwenye nikahi, amejibanza kwenye nguzo asiwazibe mashahidi. Usiku, iwapo mpiga picha ni mwanamke, kazi kubwa ndiyo kwanza huanza.

Kazi yenyewe ina ujuzi ambao mwenye shughuli hauoni. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kimeundwa kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Safu ya wazee waliovaa kanzu nyeupe hukihadaa, na kanzu zikatoka kama hazikufuliwa. Mabuibui meusi hukihadaa kinyume chake: weusi hufifia na nyuso zikapauka. Anayeijua kazi hukipuuza kipimo hicho na kuamua mwenyewe kiasi cha mwanga, tena upesi, kwa kuwa ijabu na kabuli havisemwi mara mbili kwa ajili ya kamera.

Zamani watu ndio walioifuata kamera. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Familia ilivaa, ikaenda, ikajipanga kama inavyotaka kuonekana, na ikajua filamu imebaki katika duka la nani. Siku hizi kamera ndiyo inayowafuata watu, hadi ndani ya vyumba ambavyo mume wa jirani hajapata kuviingia.

Hapo ndipo penye uzito. Katika usiku wa kupamba wa Mombasa, kama katika shughuli nyingine za wanawake watupu, mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi na dhahabu huvaliwa bila hofu. Katika shughuli nyingi simu huzuiwa mlangoni, na kamera moja tu ikaruhusiwa kupita. Mjadala wa wanazuoni juu ya picha ya kamera ni wa siku nyingi. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha. Haturudii mjadala huo hapa. Lakini hata aliyejuzisha picha hakujuzisha stara ya mtu kuvuliwa mbele ya wasiomhusu.

Familia nyingi huridhika zikisikia kwamba mpiga picha ni mwanamke. Huko ni kuuliza nusu ya swali. Nani atakayezisafisha picha hizo kwenye kompyuta? Albamu itachapwa wapi, na mbele ya macho ya nani? Je, picha ya bibi harusi itawekwa mtandaoni kuwa tangazo la biashara? Aidha, ifahamike kwamba kufuta picha si kuiondoa. Mara nyingi kinachofutwa ni anwani ya picha ndani ya kadi; picha yenyewe hubaki, na programu ya kawaida huweza kuirejesha hadi nyingine iandikwe juu yake.

Majibu ya maswali hayo yaandikwe kabla ya siku ya shughuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze kusudi lake, na picha inayomtambulisha mtu ni miongoni mwa taarifa hizo. Nasi tulikuwa na mwongozo wa kuandikiana kabla ya mabunge hayo, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni la muda maalumu liandikwe.

Mkataba huo unamlinda mpiga picha pia. Harusi hujazana Shaaban na Shawwal. Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11, humwacha na picha za viza tu. Familia inayolipa ukumbi na mpishi papo hapo, kisha ikamwambia yeye asubiri, inamla jasho lake. Malipo ya awali, tarehe ya salio na tarehe ya kukabidhi picha viwe katika karatasi moja.

Kwa usiku wa wanawake, ipo njia nyepesi: familia inunue kadi zake yenyewe, impe mpiga picha mlangoni, na izipokee anapotoka. Kuzisafisha picha kufanyike nyumbani kwa bibi harusi, dada yake akiwa ameketi pembeni. Bei ya kadi mbili haifikii ya keki.