Fahamu: Moto wa jiko la gesi ukigeuka njano

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi ya gesi inaingia hata kwenye nyumba ambazo jana zilikuwa na mkaa tu, na muuzaji huondoka bila kueleza jiko likisumbua ufanye nini.

Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kupaka sufuria masizi, gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi uji uliofurika umeziba vitundu vya jiko. Zima, acha lipoe, toa kichwa chake, sugua kwa brashi, zibua kwa pini, kisha kikaushe kabisa. Usilipuuze hili, kwa sababu moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu. Madirisha yawe wazi.

Moto ukiwa dhaifu, tikisa mtungi kidogo. Huenda gesi imekwisha. Kama mtungi bado mzito, kagua mpira usiwe umejikunja, kisha regyuleta.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni ikisubiri cheche. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje. Baadaye paka povu la sabuni kwenye maungio. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Tafadhali, usitafute uvujaji kwa kiberiti.