Miradi Meru na Embu: Kuhesabu miche si kuhesabu manufaa

MIRADI ya maendeleo huhesabiwa kwa vitu vinavyoonekana: idadi ya miche iliyopandwa, urefu wa mabomba yaliyotandazwa na wakulima waliohudhuria mafunzo. Hesabu hizo zaweza kuwa sahihi, lakini mwananchi akabaki na swali moja: maisha yake yamebadilika vipi?

Swali hilo lina uzito katika maeneo ya Meru na Embu, ambako kwa miaka mingi serikali na wafadhili wametumia fedha nyingi kuhifadhi mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya. Sehemu ya fedha hizo ni mikopo, na mzigo wa kuilipa humwangukia mlipa kodi.

Mfano ulio wazi ni Mradi wa Majaribio wa Mlima Kenya Mashariki, ulioendeshwa kati ya mwaka wa 2004 na 2012 kwa mkopo wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) na ruzuku ya Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF). Ulihusu mabonde ya mito Ena, Kapingazi, Kathita, Kithino na Tungu, katika zilizokuwa wilaya za Embu, Mbeere, Meru ya Kati, Meru Kusini na Tharaka.

Lengo la mradi huo halikuwa kupanda miti wala kuchimba matuta. Lilikuwa kupunguza umaskini kwa kuongeza chakula na mapato ya wakulima, hasa wanawake wa mashambani, kupitia matumizi bora ya maji na maliasili. Miti na matuta vilikuwa njia tu ya kulifikia lengo hilo.

Ili njia na lengo visitengane, wapangaji wa miradi hutumia ngazi yenye vidato vinne. Cha kwanza ni shughuli, yaani kazi inayofanywa. Cha pili ni tokeo, yaani kitu kinachopatikana kazi inapokamilika. Cha tatu ni manufaa, yaani badiliko katika maisha ya watu. Cha nne ni lengo. Utaratibu wa kupanga mradi kwa jedwali la namna hii ulianza kutumiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka wa 1969, kisha ukaenea kote duniani.

Kati ya kidato na kidato sharti pawe na sababu. Tuchukue matuta. Mkulima anapochimba matuta kwenye mteremko, maji ya mvua hupungua kasi na udongo haubebwi. Unyevu ukidumu shambani, mahindi na maharagwe hustawi. Hapo shughuli imefika kwenye chakula, na chakula kwenye lengo.

Udongo uliobaki shambani una faida nyingine mbali na hapo. Mto Rupingazi wa Embu humwaga maji yake katika Mto Thiba, nao Thiba huingia katika bwawa la Kamburu, linalozalisha umeme tangu mwaka wa 1974. Matope yakipungua, bwawa hudumu zaidi.

Lakini anayeshika jembe si anayewasha taa. Mkulima akiona jasho ni lake na faida ni ya wengine, ataacha matuta yabomoke mara tu mradi unapofungwa. Ndiyo maana hushauriwa kupanda nyasi za nepia juu ya matuta: mizizi hushika udongo, na majani humlisha ng'ombe wa maziwa. Nyasi hizo ndizo zinazounganisha kazi ya leo na senti za kesho.

Kiungo kikikosekana, shughuli yaweza hata kupingana na lengo. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na mito na chemchemi ing'olewe kwa kuwa hufyonza maji mengi. Katika hesabu ya miti, kila mkaratusi ulikuwa ufanisi. Katika hesabu ya maji, ulikuwa hasara.

Ndivyo ilivyo kwa mabomba. Mfereji unaonufaisha mashamba ya juu karibu na msitu waweza kukausha mto kwa jirani wa nyanda kame za Tharaka na Mbeere. Kwa hivyo kutandaza mabomba hakutoshi. Lazima kuandamane na mgao wa haki. Vyama vya watumiaji wa maji, vilivyopewa nafasi na Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, vina wajibu katika kazi hiyo.

Tangu ugatuzi, jambo hili si hiari tena. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012, kifungu cha 108, inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano wenye malengo yaliyo wazi, utekelezaji wenye matokeo bayana, pamoja na njia za kufuatilia, kutathmini na kutoa taarifa.

Mwananchi anayehudhuria mkutano wa maoni kuhusu bajeti ana haki ya kuuliza maswali manne. Kazi hii italeta nini? Nani atanufaika, na nani ataumia? Ni jambo gani lazima litimie ili manufaa yapatikane? Na miaka mitatu baada ya mradi kufungwa, tutatazama wapi ili tujue kwamba ulifaulu?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, hakuna mkulima anayejaza ghala kwa mawingu. Miche, mabomba na mafunzo ni dalili njema. Mavuno ndiyo yatakayothibitisha iwapo fedha za umma zilifanya kazi iliyokusudiwa.