Rada Nzima, Picha Hakuna: Somo la Newark

Wandugu, wengi wetu tukisikia "rada imeharibika" tunafikiri anteni imeacha kuzunguka. Mara mingi shida haiko pale.

Anteni inatuma mawimbi ya redio. Yakigonga ndege, yanarudi: muda yaliochukua unaonyesha umbali, na upande anteni ilikuwa inaangalia unaonyesha mwelekeo. Tena kuko rada ya pili, ile inauliza transponda ya ndani ya ndege, nayo inajibu namba yake na urefu wake angani. Habari hizo zote zinapita kwa laini ya mawasiliano, zinaingia kompyuta, njo zinafika kwa ekrani ya mwongozaji wa ndege. Ni mnyororo. Pete moja ikikatika, mwongozaji anabaki kipofu hata kama anteni inazunguka vizuri.

Njo vile ilipita Newark, uwanja wa ndege karibu na New York, Marekani. Julai 2024, kazi ya kuongoza ndege zinazokaribia uwanja ule ilihamishwa toka New York mpaka Philadelphia. Watu walihama, lakini picha ya rada iliendelea kutokea New York, kwa laini ambazo zingine zilikuwa za waya wa shaba wa zamani. Tarehe 28/4/2025 laini ilianguka, na ile ya akiba haikushika palepale. Kwa karibu sekunde 90 ekrani hazikuonyesha kitu, redio nayo ikanyamaza. Tarehe 9/5 ekrani zikazimika tena, karibu sekunde 90.

Mtu atasema: sekunde 90 ni nini? Tufanye hesabu. Ndege inayoshuka inaweza kukimbia kilometa 460 kwa saa. Ndani ya sekunde 90 inapita kilometa 11 na nusu. Na karibu na uwanja, ndege mbili za urefu mumoja zinaweza kuachana kilometa 5 na nusu tu.

Hakuna ndege iliyogongana. Ndege kubwa ziko na TCAS, kifaa kinachosikiliza transponda za jirani na kuambia piloti apande ao ashuke. Lakini waongozaji kadhaa walichukua likizo juu ya mshtuko, na safari mingi zilifutwa.

Hata kwetu iko kinga ya namna hiyo: kwa anga ya Kongo, piloti wanatangaza wenyewe nafasi yao kwa masafa ya 126.9 MHz, ili ndege za karibu zisikie. Haihitaji rada ya chini.

Sisi tunaosoma ao tuliomaliza, kesho tutapewa kazi za mitambo: hospitali, benki, umeme, maji. Wakituambia "akiba iko", tusiishie pale. Tuulize: inapita njia ingine, ao ni waya uleule? Na mara ya mwisho walizima ile kubwa ili kuijaribu ilikuwa lini?