Maktaba inayowafuata wasomaji

Tumeona maktaba zenye vitabu vizuri, lakini ufunguo unakaa mfukoni mwa mtu mmoja, na mtu huyo amesafiri. Mchwa ndio wanaosoma.

Kule Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, wafugaji wanahamahama na mifugo yao, hawawezi kungoja mlangoni pa maktaba ya mjini. Basi mwaka wa 1996 shirika la maktaba la taifa lilianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanachagua. Baada ya majuma mawili msafara unarudi, vitabu vinabadilishwa.

Kwa maoni yetu, tangazo lenyewe ni ile siku ya kurudi. Mama akijua kwamba msafara utapita tena, atamruhusu mtoto abaki na kitabu. Usipopita mara mbili, hatatoka tena kuupokea.

Kwetu hakuna ngamia, lakini pikipiki zipo, chukudu zipo, na siku ya soko inajulikana na wote. Katoni moja na daftari la majina vinatosha kuanza. Vitabu vingine vitachanika. Tuvihesabu tangu mwanzo.