Mimea Haploidi ya Tumbaku kwa Ukuzaji wa Tishu: Njia Mbili na Manufaa Yake kwa Tabora

Tabora, iliyokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha tumbaku nchini Tanzania, na ndiko iliko Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku Tanzania (TORITA). Mkulima wa Urambo au Sikonge huingia msimu kwa pembejeo za mkopo. Mbegu isipostahimili ugonjwa, zao hupotea na deni hubaki. Muda wa kupata aina mpya, kwa hiyo, si suala la maabara pekee.

Tumbaku ina kromosomu 48, sawa na kiazi mviringo, ndugu yake katika familia ya Solanaceae. Kwa kawaida, chotara hujichavusha kwa vizazi sita hadi vinane kabla ya kupatikana kwa ukoo thabiti. Mmea haploidi, wenye kromosomu 24, hufupisha safari hiyo: kromosomu hizo zikirudufishwa, kila moja hupata mwenzake anayefanana nayo kabisa. Kiazi mviringo, chenye seti nne, kikipunguzwa kwa nusu hubaki na seti mbili zinazoweza kutofautiana. Faida yake kuu ni kuweza kuchavushwa na viazi pori vyenye kromosomu 24.

Njia ya kwanza, iliyoripotiwa nchini Ufaransa na Bourgin na Nitsch mwaka 1967, hutumia chavulio, yaani kifuko cha chavua. Matumba ya maua huchumwa chembe za chavua zikiwa bado na kiini kimoja; hutakaswa, kisha vyavulio huwekwa juu ya agari yenye sukari na madini. Vimea huchomoza baada ya wiki kadhaa, na hesabu ya kromosomu katika ncha za mizizi hubainisha vilivyo haploidi. Vimea hivyo ni tasa mpaka kromosomu zirudufishwe, aghalabu kwa kolkisini. Dosari yake ni kwamba koo zinazotokana na vyavulio mara nyingi huzaa pungufu kuliko koo za kujichavusha.

Njia ya pili ilielezwa nchini Marekani mwaka 1979. Ua la tumbaku huchavushwa kwa Nicotiana africana, spishi ya Namibia na ya pekee ya jenasi hiyo iliyo asilia barani Afrika. Machotara karibu yote hufa yakiwa miche. Katika michache inayosalia hupatikana haploidi za upande wa mama. Vipande vya mshipa mkuu wa jani hukuzwa kwenye agari, navyo hutoa machipukizi ambayo baadhi yake yamekwisha kurudufisha kromosomu. Mavuno ya koo hizi hukaribiana zaidi na yale ya koo za kujichavusha.

Kwa Tabora, njia ya pili ina mvuto kwa kuwa huanzia kwenye ua na kuihitaji maabara baadaye. Hata hivyo, hakuna njia inayoumba ukinzani. Zote huthibitisha tu kile ambacho wazazi walikuwa nacho. Tena, shamba la ukoo mmoja usiotofautiana, likipatwa na ugonjwa usioukinza, huugua lote kwa pamoja. Uteuzi wa wazazi hubaki kuwa hatua ya kwanza na nzito kuliko zote.