Rangi za Usiku Mjini

Yamkini yumo kati yenu aliyepata kununua kitambaa usiku, kwa mwanga wa kandili, akidhani amechagua cheusi; asubuhi alipokikunjua uani akaona ni buluu iliyoiva. Mwenye duka hakumdanganya. Iliyomdanganya ni taa. Mchoraji atakaye kuchora njia za mji usiku hupatwa na mambo hayo hayo, walakini yeye huweza kupoteza kazi nzima.

Zamani wachoraji wengi wa Ulaya waliutazama usiku, kisha wakauchora mchana kwa kukumbuka, na aghalabu picha zao zilijaa weusi. Vincent van Gogh, Mholanzi aliyekaa Arles, kusini mwa Ufaransa, hakuridhika na desturi hiyo. Mwezi wa Septemba, 1888, alisimamisha picha yake pale pale njiani, mbele ya mkahawa uliowashwa taa kubwa ya gesi, akachora usiku wenyewe. Alimwandikia dada yake kuwa picha ile ya usiku haina rangi nyeusi. Na kweli, mbingu yake ni buluu, ukuta ulio chini ya taa ni manjano ya kiberiti, na mawe ya njia yana zambarau na waridi.

Je, rangi hizo alizizua? La. Nuru ya gesi ni ya manjano, na jicho likiisha kuizoea, kivuli kisichofikiwa na taa huonekana kuelekea buluu. Tena giza likizidi, jicho lenyewe hugeuka: nyekundu hufifia upesi kuliko buluu. Mtaalamu Jan Purkyně aliliona jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, alipotazama maua alfajiri.

Shida ni kwamba nuru ile ile huangukia rangi za mchoraji pia. Manjano hafifu huonekana nyeupe, naye huongeza manjano, akaongeza tena. Kukicha, picha inapiga kelele. Van Gogh alikiri kuwa gizani aliweza kushika buluu akidhani ni kijani. Hata hivyo aliona heri kosa hilo kuliko usiku uliokufa, nami nadhani alikuwa na haki.

Camille Pissarro alitumia njia nyingine mwaka wa 1897: alichora Boulevard Montmartre ya Paris kutoka dirisha la hoteli. Katikati ya njia zipo taa za umeme, nyeupe na baridi. Madukani mna gesi, yenye rangi ya chungwa. Kati ya picha 14 za njia ile, ya usiku ni hiyo moja tu, wala hakuitia sahihi.

Siku hizi taa nyeupe za LED zimeondoa taa za manjano katika miji mingi, na mwenye kuchora leo hukuta usiku mwingine. Wengi hupanga rangi zao mchana, kila moja mahali pake, ili mkono uijue hata jicho likikosea.